Vita ya 1914 kwetu mashariki: nani alibeba chakula?



Kila mwaka, mwezi wa nane na mwezi wa kumi na moja, watu wanapitisha picha zilezile: mashimo ya Ufaransa, askari wenye kofia za chuma, matope mpaka magoti. Ku sekondari tulijifunza Sarajevo, tarehe 28 Juni 1914, ule mrithi wa ufalme wa Austria aliyepigwa risasi pamoja na bibi yake. Kisha mto Marne, kisha Verdun. Kwa upande wa Congo, prof alituachia sentensi moja tu: Force Publique ilishinda Tabora. Tunaandika, tunapiga mstari chini, tunapita kwa somo lingine.

Mimi nilisoma kilimo, sikusoma historia. Wale wa historia wanivumilie, na wakiona pa kuongeza waongeze. Lakini mtu wa kilimo akisikia kwamba maelfu ya watu walitembea kwa miguu kutoka Kivu mpaka katikati ya Tanzania, swali la kwanza linalomjia si komanda alikuwa nani. Ni hili: walikula nini, kile chakula kilitoka ku shamba la nani, na nani alikibeba? Niliposoma mambo ya ile miaka na hili swali kichwani, niliona vita ingine kabisa, tofauti na ile ya ku kitabu.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui. Congo haikutakiwa kuingia katika ile vita. Ule mkutano wa Berlin wa 1884-1885, wenye sisi tunaukumbuka tu kwa kukatakata Afrika, ulikuwa na kifungu kilichosema kwamba nchi za bonde la mto Congo zinaweza kukaa pembeni kama wakubwa wa Ulaya wanapigana. Leopold wa Pili alitangaza mwaka 1885 kwamba Congo yake haitachukua upande. Ubelgiji wenyewe pia ulikuwa nchi isiyochukua upande. Donc, tarehe 4 Agosti 1914 Wajerumani walipovunja mpaka wa Ubelgiji, Brussels iliwaza kwamba angalau huku Afrika moto unaweza kuzuiliwa. Siku tatu nyuma waliuliza Ufaransa na Uingereza kama bonde la Congo linaweza kubaki nje ya vita. Jibu halikuwa ndiyo. Na kabla wino haujakauka, tarehe 8 Agosti, manuari ya Waingereza ilikuwa imekwisha kupiga mizinga Dar es Salaam.

Msifikiri walitaka amani kwa kutupenda sisi. Mzungu wa Boma alikuwa na woga wake: kama mtu mweusi anafundishwa kupiga mzungu, hata mzungu wa adui, kesho itakuwa je? Gavana wa Kijerumani kule Dar es Salaam, Heinrich Schnee, alikuwa na woga uleule, na yeye pia alipenda koloni yake ikae kimya. Lakini komanda wa askari wake, Paul von Lettow-Vorbeck, aliona mambo kwa namna ingine. Aliwaza: nikisumbua hapa, maadui watalazimika kuleta huku askari ambao wangekwenda kupigana Ulaya. Hiyo njo hesabu iliyotuleta ndani. Bonde zima la maziwa yetu likageuka chambo cha kuvutia samaki wa mbali.

Angalieni karta. Mwaka 1914, ng'ambo yote ya ziwa Tanganyika na ziwa Kivu ilikuwa ya Wajerumani: Rwanda, Burundi, Kigoma, Ujiji. Upande huu, Wabelgiji. Katikati ni maji. Mwenye mashua njo mwenye mpaka.

Tarehe 15 Agosti Wajerumani walikuja ku Mokolobu, karibu na Uvira, wakavunja mitumbwi na kukata waya wa telefoni. Tarehe 22 Agosti meli yao ndogo, Hedwig von Wissmann, ilifika mbele ya Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo, ikaipiga mizinga meli ya Wabelgiji yenye jina Alexandre Delcommune. Mapigano yenyewe yalikuwa mafupi, lakini Delcommune ikaondolewa kazini, na kwa hiyo pigo moja ziwa lote, kilometa zaidi ya 600 kwa urefu, likawa la Wajerumani. Tarehe 28 Agosti amri ikatoka Ulaya: Congo inaweza kujilinda kwa silaha, na kusaidiana na Waingereza na Wafaransa. Mwezi uliofuata, tarehe 24 Septemba, Wajerumani wakachukua kisiwa cha Idjwi katikati ya Kivu. Watu wa Idjwi wakaamka chini ya bendera ingine bila kuulizwa, kama vile hawakuulizwa ile ya kwanza.

Kwa hiyo wa Kalemie mnaosoma hapa, mukisikia mtu anasema ile vita ilikuwa mambo ya Ulaya, mumwonyeshe ziwa. Wiki tatu tu kati ya Liège na Kalemie.

Sasa, Force Publique ilikuwa kitu gani mwaka 1914? Kwa karatasi, ilikuwa na askari karibu 17,000. Lakini halikuwa jeshi la kupigana na jeshi lingine. Ilikuwa polisi yenye bunduki, imegawanywa vipande vipande katika nchi kubwa kushinda Ulaya ya magharibi, kazi yake kubwa ikiwa kusimamia kodi na kunyamazisha vijiji. Wengi walikuwa na bunduki ya Albini, ile ya kuingiza risasi moja moja, yenye kutoa moshi mingi. Ukipiga, adui anaona moshi, anajua uko wapi. Vikosi vya Katanga vilikuwa na upangaji wao wa pekee. Kukusanya watu hao wote mashariki na kuwafundisha kutembea pamoja kulichukua zaidi ya mwaka moja.

Na katika huo mwaka, watu wetu walipigana kwanza kwa nchi za wengine. Askari karibu 600 walipelekwa Cameroun kusaidia Wafaransa, kwa njia ya mto Sangha, na meli yao ya mto, Luxembourg, ilipigana kule Oktoba 1914. Wengine walishuka kusini kusaidia Waingereza wa Rhodesia ya kaskazini, Zambia ya leo, Wajerumani walipotishia Abercorn, na mwaka 1915 walikaa nao katika ngome ya Saisi, wakafungiwa na adui wakashikilia. Mtu wa Kasai anakufa Cameroun kwa ajili ya Mfaransa, mtu wa Lomami anakufa mpaka wa Rhodesia kwa ajili ya Mwingereza, na nyumbani mpaka wa Kivu uko karibu wazi.

Bon. Tufike sasa kwenye chakula, juu hapo njo penye vita yenyewe.

Wajerumani walikuwa na bahati moja kubwa: reli yao kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Wangeweza kuleta unga, risasi, hata meli nzima katika vipande. Njo walivyofanya na Graf von Götzen, ile meli kubwa iliyounganishwa Kigoma na kuanza kazi 1915. Upande wetu, mzigo wa kutoka Boma ulipita safari ya kuchosha hata kuihesabu: treni kutoka Matadi mpaka Kinshasa, meli ya mto mpaka Kisangani, treni mpaka Ponthierville kwa sababu ya maporomoko, tena meli mpaka Kindu, tena treni mpaka Kongolo, tena meli mpaka Kabalo. Kipande cha mwisho, reli ya Kabalo mpaka Lukuga, kilimalizika 1915, vita ikiwa imekwisha kuanza. Na kwa kwenda Kivu hakukuwa na reli hata kidogo. Kulikuwa na kichwa cha mtu.

Hapa ninaomba mufanye hesabu pamoja na mimi, kama tulivyofanya ku kozi ya kwanza ya kilimo. Mpagazi moja anabeba tuseme kilo 25. Anakula kilo moja kwa siku, na hiyo si nyingi kwa mtu anayebeba mzigo akipanda milima. Kama askari wako mwendo wa siku sita, mpagazi anakula kilo 6 akienda na kilo 6 akirudi. Anafikisha kilo 13. Nusu ya mzigo imeliwa na mbebaji. Kama askari ni 1,000, nao wanakula kilo moja kila moja, wanahitaji wapagazi 77 wafike kila siku. Na kwa kuwa safari ya kwenda na kurudi ni siku 12, lazima wapagazi zaidi ya 900 wawe njiani kila wakati. Karibu mpagazi moja kwa askari moja, kwa chakula tu, bila risasi, bila hema, bila mizinga, bila meza na kitanda cha komanda.

Sasa sogeza askari mpaka mwendo wa siku kumi. Mpagazi anakula kilo 20, anafikisha 5. Wanahitajika 200 kufika kila siku, na safari ni siku 20: wapagazi 4,000. Askari ni walewale 1,000. Umeongeza siku nne za njia, na hitaji la watu limepanda zaidi ya mara nne. Sogeza tena siku mbili na nusu, na mpagazi anakula mzigo wote mwenyewe, hafikishi kitu.

Hesabu hii ni yangu, ya ubao; komanda wa kweli alipunguza uzito wa safari kwa kunyang'anya chakula njiani. Na hapo njo tatizo linatoka ku kichwa cha mpagazi na kuingia ku shamba la mwanakijiji. Hekta moja ya mpunga wa nchi kavu, bila mbolea, mvua ikiwa nzuri, inatoa karibu tani moja. Ukitwanga, unabaki na mchele kilo 650 hivi. Askari 1,000 wanakula hekta moja na nusu kwa siku moja. Ni nani aliyefyeka hiyo hekta?

Mchele ulitoka sana Maniema na upande wa Kisangani. Mpunga ulifika kule pamoja na Waswahili wa wakati wa Tippu Tip, watu walikuwa wanaujua vizuri, na Leta ikaona pale ghala la vita. Lakini fikiria kalenda ya shamba. Katika kilimo chetu cha kufyeka na kuchoma, mwanaume anakata miti wakati wa kiangazi, mwezi wa sita, wa saba, wa nane, moto unapita, mvua ikianza mwanamke anapanda, anapalilia, anavuna, anatwanga. Vita ilianza Agosti. Ukichukua wanaume Agosti na Septemba, hauchukui tu mikono ya leo. Unachukua shamba la mwaka unaokuja, juu msitu haukukatwa na mbegu haina pa kuingia. Na kwa wakati uleule, kapita anapita kijijini kuomba mchele mingi kuliko mwaka uliopita. Mwanamke njo alibaki katikati: shamba dogo zaidi, mzigo mkubwa zaidi, na mtoto mgongoni. Hakuna medali iliyotengenezwa kwa ule mwanamke.

Kwa wapagazi wenyewe, maiti wengi hawakutoka ku risasi. Walitoka ku tumbo na ku kifua. Mtu wa Maniema amezoea joto la chini na ndizi na mihogo. Unamchukua, unampandisha milima ya Kivu na Rwanda, meta 2,000 na zaidi, usiku wa baridi, na nguo ya kiunoni. Unamgawia mchele na maharagi. Kule juu maji yanachemka kabla ya kufika digri 100, kwa meta 2,000 ni karibu 93, kwa hiyo maharagi yanakawia sana kuiva. Mtu aliyetembea kutwa nzima, kuni zimelowa, asubuhi anaamshwa na giza, hatangojea saa nne chungu kiive. Anakula nusu mbichi. Kesho tumbo linakimbia, kesho kutwa damu. Mihogo michungu nayo inataka kulowekwa siku kadhaa kabla ya kugeuka unga wa bukari, na mtu aliye njiani hana siku za kuloweka. Kuhara damu na ugonjwa wa mapafu viliua kushinda Wajerumani wote wa Lettow-Vorbeck. Tungeweza kuandika mémoire nzima juu ya chungu cha maharagi katika vita ya 1914, na ninasema bila kucheka.

Kuna kipande cha hii historia ambacho vitabu vya Waingereza vinakipenda mno, kile cha Mimi na Toutou. Mashua mbili ndogo za vita zililetwa kutoka Uingereza na komanda Geoffrey Spicer-Simson, kwa bahari mpaka Cape Town, kwa treni mpaka Elisabethville na Fungurume, kisha zikavutwa kwa mashini za mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, tena treni, tena mto Lualaba, mpaka Lukuga mwisho wa Oktoba 1915. Tarehe 26 Desemba zilikamata meli ya Wajerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 zikazamisha Hedwig von Wissmann, ile ile iliyotupiga 1914. Ni hadithi nzuri, sikatai. Lakini barabara ya Mitumba haikujikata yenyewe. Miti iliangushwa, madaraja yakajengwa, na mikono iliyofanya hivyo ilikuwa ya watu wa Katanga, ambao katika hadithi wanaonekana kama miti ya pembeni ya njia.

Ziwa lilipofunguka, jeshi likaweza kusogea. Charles Tombeur alikuwa na askari zaidi ya 10,000 katika brigade mbili, ya kaskazini chini ya Molitor na ya kusini chini ya Olsen, mtu wa Denmark. Walianza Aprili 1916. Kigali ilichukuliwa mwanzoni mwa Mei, Bujumbura mwezi wa sita, Kigoma mwisho wa mwezi wa saba, pale Wajerumani walipoizamisha wenyewe Graf von Götzen. Waingereza waliiinua 1924, ikawa Liemba, na ikabeba abiria wa ziwa kwa miaka mingi nyuma ya hapo. Tabora ikaingia tarehe 19 Septemba 1916. Askari wetu walipigana kwa moyo, maadui wenyewe walikubali. Lakini tusiwapake rangi ya malaika. Vijiji vya Rwanda na vya njia ya Tabora vililia kwa sababu yao pia: ng'ombe, mbuzi, mitungi ya pombe, wanawake. Kaskazini-magharibi mwa Rwanda njaa kubwa ilipita 1916 mpaka 1918, wao wanaiita Rumanura, na majeshi yaliyokula pale, ya pande zote mbili, yana sehemu yao ndani.

Hesabu inayotajwa mara nyingi kwa wapagazi waliotumika upande wa Wabelgiji, kwa muda mfupi ao mrefu, ni watu 260,000. Kati yao walikuwa pia maelfu waliotoka Uganda. Sasa angalieni jambo moja. Wazungu waliokufa katika Force Publique wamehesabiwa mpaka mtu wa mwisho: 58. Askari weusi waliokufa, hesabu moja inasema 1,895, ingine inapita 2,600. Wapagazi, hesabu moja inasema kitu kama 7,000, ingine inapita 15,000. Mnaona vile karatasi inalegea kadiri unavyoshuka? Kwa mzungu, jina. Kwa askari, namba yenye kuyumba. Kwa mpagazi, tofauti kati ya hesabu mbili peke yake ni maelfu ya watu, yaani mji mzima wa watu wenye mama na majina, ambao wanapotea kati ya vitabu viwili.

Waingereza nao walifanya vilevile, tena vibaya kushinda. Lakini kwao jina lilibaki hata kwa bahati: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yanatoka ku lile jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Mtu anakwenda kununua nyanya Kariakoo, anawataja bila kujua. Kwetu? Ukienda Brussels, katikati ya mji, kuna barabara ya Tabora. Tombeur alipewa ubaroni, na Tabora ikawekwa ndani ya jina lake. Kalemie, ambapo mzinga wa kwanza wa meli ulipigwa, sijaona soko, shule, wala njia ya mpagazi.

Na sasa niseme kilichonisukuma kuandika, juu kinanihusu mimi na wenzangu wa kilimo moja kwa moja.

Tarehe 20 Februari 1917, vita ikiwa bado inaendelea upande wa Mahenge, Boma ilitoa sheria. Ilisema Leta inaweza kulazimisha vijiji kulima mazao fulani mpaka siku 60 kwa mwaka, kwa chakula cha lazima ao kwa kuuza. Mchele, mafuta, pamba. Nyuma ya hiyo sheria kulikuwa mkubwa wa kilimo katika wizara ya koloni, Edmond Leplae, ambaye alitazama vile Waholanzi walivyolimisha Java kwa nguvu. Sababu iliyotolewa ilikuwa vita: lazima tulishe jeshi, lazima tupeleke mali Ulaya. Jeshi likarudi nyumbani. Sheria ikabaki. Pamba ya lazima ilienea Maniema, Uele, Sankuru, Tanganyika, na kilimo cha lazima kilidumu mpaka miaka ya 1950, uhuru ukiwa karibu kubisha hodi. Nani alikuwa anapita kupima shamba, kuhesabu mistari, kuandika nani hakupalilia, ili afungwe ao apigwe fimbo? Agronome na monitere wake. Yaani, kwa jina la kazi, sisi.

Wakati wa stage tulipita katika kijiji kimoja ku njia ya Nyunzu, na karatasi zetu na mbegu mpya za mihogo zenye kuvumilia ugonjwa. Mbegu nzuri, bure. Vijana walisogea, wazee walikaa mbali. Mzee moja aliuliza kwa heshima: "Hii shamba itakuwa yetu, ao ya Leta?" Mwenzangu alicheka, akasema ni yenu, papa. Mzee hakucheka. Alisema kambo yake alilima pamba ya fimbo, na baba ya kambo yake alibeba mchele wa Wadachi na Wabelgiji, hakurudi. Kwa yeye zile zilikuwa jambo moja, sura mbili za mtu mmoja anayekuja kijijini na daftari. Ku masomo yetu ya kufundisha wakulima, hii tabia inaitwa kukataa mabadiliko. Ilikuwa na tarehe yake, na sahihi chini yake.

Ule mzee hakujua jina la huyo aliyebeba mchele. Alijua tu kijiji alikotokea na kwamba alichukuliwa pamoja na ndugu yake, kabla ya mvua, miti ikiwa imekatwa nusu.

Kwa hiyo ninaomba kitu. Wale waliokuwa watoto wa wapagazi wenyewe wamekwisha, lakini wajukuu wako bado, wana miaka 70, 80, na wanakufa kila wiki. Ukirudi nyumbani likizo hii, Kindu, Kasongo, Kabalo, Uvira, Rutshuru, Fizi, popote, kaa na kambo jioni. Usiulize "Unakumbuka vita ya kwanza?" Atasema hapana. Uliza nani katika jamaa alikwenda kubeba mizigo ya wazungu na hakurudi, ao alirudi na kikohozi. Uliza walikula nini mwaka ule. Uliza ni nani alilima. Kisha andika: jina, kijiji, mto wa karibu, kabila, vile alivyochukuliwa, na jina la bibi yake kama linajulikana. Tumeni hapa ku page. Tutafungua daftari moja na kupanga kwa territoire. Kalemie na Kabambare nitazisimamia mimi.